Kwa nini mtu achague kushindana, akijua kwamba atashindwa?

Yako mambo madogo ya dunia ambayo, tukiyatazama vizuri, yatuonyesha moyo wa mtu sawa na mambo makubwa. Leo twataka kutazama moja la mambo hayo. Ni mchezo, tena mchezo ambao wengi wetu hatujaucheza wala hatutaucheza: ndio mchezo wa gofu. Watu wa Lubumbashi wanalijua neno hilo, maana mtaa mmoja wa mji wao waitwa Golf. Lakini hata wao, wakiwaona watu wanaotembea juu ya majani yaliyokatwa vizuri, wakichukua mifuko ya fimbo, labda hawajajiuliza sana watu wale wanatafuta nini.

Swali letu ni hili. Katika Uskoti, Uingereza, Marekani na nchi nyingine nyingi, wako watu wengi sana wanaocheza gofu bila mshahara. Mmoja ni mwalimu, mwingine ni fundi, mwingine ni karani au daktari. Wafaransa humwita mtu wa namna hiyo amateur, na neno hilo latoka katika neno la Kilatini amare, maana yake kupenda. Basi ni mtu anayecheza kwa kupenda tu. Mtu huyo angeweza kucheza na rafiki zake siku ya posho, kucheka nao, kunywa kitu pamoja nao, na kurudi nyumbani kwa amani. Lakini yeye ajiandikisha katika mashindano ya klabu yake. Atoa fedha ili aingie. Ajua kwamba wakiingia watu 100, watashindwa 99, na karibu hakika yeye atakuwa mmoja wao. Ajua tena kwamba siku hiyo mikono itatetemeka, na kwamba jioni jina lake litabandikwa ukutani pamoja na hesabu ya mapigo yake, watu wote wasome. Basi, kwa nini achague kushindana?

Wengine watasema: ni upuzi wa watu wenye nafasi. Sisi hatusemi hivyo upesi. Jambo ambalo watu wengi wenye akili hulifanya kwa hiari yao, tena kwa kujisumbua, yafaa kulichunguza kabla ya kulicheka.

Mchezo wenyewe

Kwa ajili ya wasomaji wasioujua mchezo huu, tueleze kidogo. Mchezaji ana mpira mdogo mgumu, ambao uzito wake haupiti gramu 46. Ana fimbo za namna mbalimbali, zisizozidi 14. Uwanja una mashimo 18. Kila shimo lina upana wa milimeta 108 tu, nalo laweza kuwa mbali na mahali pa kuanzia kwa mita 100 au hata mita 500. Mchezaji aupiga mpira, aufuata, aupiga tena, mpaka uingie shimoni. Kisha aenda kutafuta shimo la pili. Njiani kuna majani marefu, miti, maji na vibonde vya mchanga. Kuyamaliza mashimo yote 18 ni kutembea kilometa 6 na zaidi, kwa muda wa saa 4 hivi. Aliyetumia mapigo machache ndiye mshindi.

Katika mchezo huu hapana adui wa kukunyang'anya mpira kama katika futboli. Hapana mtu wa kukusukuma. Mpira umelala chini, wakungoja wewe. Ukienda vibaya, ni shida kumpata mwingine wa kulaumiwa. Tena, katika mashindano ya klabu, hapana mwamuzi mwenye filimbi anayekufuata. Wachezaji hutembea wawili, watatu au wanne, na mara nyingi kila mmoja yuko mbali na wenzake, akitafuta mpira wake majanini. Mlikumbuke jambo hilo, maana ndilo shina la mazungumzo yetu.

Kucheza kirafiki na kucheza kwa kadi

Wachezaji wakiwa ni rafiki tu, bila mashindano, huoneana huruma. Pigo la kwanza likienda porini, wenzake humwambia: «Piga mwingine, huo hatukuuona.» Mpira ukikaribia shimo, ukibaki urefu wa mkono, humwambia: «Huo umeingia, okota tu.» Na mpira ukilala mahali pabaya, mtu ausogeza kidogo kwa mguu, na hapana anayenuna. Jioni asema: «Leo nimetumia mapigo 85.» Kumbe, kama angehesabu yote, yangekuwa 93 au 95.

Je, mtu huyo ni mwongo? Hatumwiti hivyo. Wamepatana na wenzake, wanajiburudisha, na burudani si dhambi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, asimulia habari ya kale juu ya Yohane mwinjili. Watu walichukizwa walipomwona akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine tena. Halafu akamwuliza kama aweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Vivyo hivyo, akafundisha Yohane, roho ya mtu ingevunjika kama isingelegezwa kamwe. Kwa hiyo Tomaso asema kwamba yako maadili mema hata katika kucheza, mradi mchezo uwe na kiasi na usiwe na ubaya ndani yake.

Lakini iko hatari. Mtu akizoea kusamehewa kila pigo baya, mwisho hajui tena yeye ni mchezaji wa namna gani. Wahenga walisema: Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndivyo tulivyo sisi sote tunapojihesabia wenyewe. Twakumbuka mapigo mazuri, twasahau mabaya. Na yale tusiyoweza kuyasahau, twasema yalikuwa bahati mbaya.

Katika mashindano ya kuhesabu mapigo mambo ni mengine. Mchezaji apewa kadi, lakini hesabu yake haiandikwi na yeye peke yake: mwenzake ndiye anayeishika kadi yake, naye ashika ya mwenzake. Mpira uliobaki upana wa kiganja tu kutoka shimo, lazima upigwe mpaka uingie. Na wako wengi waliokosa hata huo. Mpira uliopotea majini, pigo lake lahesabiwa, na mara nyingi lingine la adhabu laongezwa. Mwishoni mchezaji na shahidi wake watia sahihi. Mtu aliyetia sahihi hesabu ndogo kuliko ya kweli, hata kwa shimo moja tu, kwa kawaida hutolewa katika mashindano.

Sasa twaweza kuuliza swali letu kwa namna nyingine. Mtu mwenye 85 ya urafiki, kwa nini aende kutafuta 95 ya kweli?

Majibu yasiyotosha

Jibu la kwanza: anatafuta zawadi. Lakini zawadi za mashindano ya klabu ni vitu vidogo: kikombe cha kuweka kabatini, medali ya kurudishwa mwaka ujao, mipira michache. Tena kanuni zenyewe za wachezaji wasiolipwa zimeweka mpaka wa zawadi wanazoweza kupokea. Mtu ajuaye hesabu hawezi kusema kwamba kiingilio cha kila mwezi chalipwa na vitu hivyo.

Jibu la pili: anatafuta sifa. Hapa pana ukweli, wala tusijifiche. Moyo wa mtu wapenda kutajwa. Wako wanaoingia kwa ajili hiyo tu, nawe utawatambua kwa alama moja: wakishindwa hutupa fimbo chini, hulaumu upepo, hulaumu majani, hulaumu mwenzao aliyekohoa. Wahenga wamekwisha kuwahukumu: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini sifa haitoshi kutueleza habari za wale wengine walioshindwa miaka 10 au 20, nao bado waja kuandika majina yao. Mtu anayetafuta sifa tu angechoka mapema. Nani arudi kila mwezi kwenye duka lisilo na kitu anachokitaka?

Jibu la tatu: anatafuta wenzake. Ni kweli pia. Katika mashindano, mara nyingi halmashauri ya klabu ndiyo inayopanga nani atacheza na nani. Kijana ajikuta pamoja na mzee, mgeni pamoja na mwenyeji, tajiri pamoja na mtu wa mshahara mdogo. Kwa saa 4 watembea pamoja na kusaidiana kutafuta mipira. Urafiki mwingi umezaliwa hivyo. Lakini urafiki waweza kupatikana bila kadi na bila sahihi. Basi kadi ni ya nini?

Mtu ataka kujua kweli

Sisi twaona kwamba jibu la ndani ni hili: mtu achagua mashindano kwa sababu ataka kupimwa kwa kipimo ambacho hakishiki yeye mwenyewe mkononi. Amechoka kuivutia ngozi kwake. Ataka kujua, hata kama kujua kwamuuma.

Tazameni jinsi kanuni za mchezo huu zilivyoanza. Waskoti wamecheza gofu tangu zamani sana. Mwaka 1457 bunge la mfalme wao liliukataza, kwa sababu uliwazuia watu kujizoeza upinde wa vita. Miaka mingi waliucheza kwa desturi na mapatano. Kanuni za zamani kabisa zinazojulikana, zilizoandikwa, ni za mwaka 1744, huko Leith karibu na Edinburgh. Zilikuwa 13 tu. Nazo ziliandikwa kwa sababu gani? Kwa sababu mji wa Edinburgh ulikuwa umetoa fimbo ya fedha ili ishindaniwe. Aliyeshinda mara ile ya kwanza alikuwa daktari, jina lake John Rattray. Jambo lenyewe laeleweka. Rafiki waweza kucheza bila kitabu. Lakini siku wanapotaka kujua kwa hakika nani amecheza vizuri, wahitaji sheria moja kwa wote, kwa mkubwa na kwa mdogo. Sheria haikuja kuuua mchezo. Ilikuja kuufanya uwe wa kweli.

Tena wachezaji wametafuta njia ya kumpima kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Kipimo hicho huitwa handikapu. Mchezaji dhaifu apunguziwa mapigo mengi, hodari apunguziwa machache. Tuseme mzee ametumia mapigo 94, naye hupunguziwa 26, yabaki 68. Kijana ametumia 76, naye hupunguziwa 6, yabaki 70. Basi mzee amemshinda kijana, tena kwa haki. Tangu mwaka 2020 upo utaratibu mmoja kwa dunia nzima: hutazamwa kadi 20 za mwisho za mchezaji, na zile 8 zilizo bora ndizo zinazofanya kipimo chake. Kwa njia hiyo mtu hashindani na jirani yake tu. Ashindana pia na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Lakini mahali penye kipimo, hapo na hila huja. Wako wachezaji wa namna mbili wanaokiharibu. Wa kwanza hucheza vibaya kwa makusudi, ili ahesabiwe dhaifu na kupunguziwa mapigo mengi; kisha siku ya kikombe acheza kwa nguvu zake zote. Wa pili hupeleka kadi nzuri tu na kuzificha mbaya, ili ajivunie kipimo kidogo kama cha mabingwa. Wa kwanza ajifanya dhaifu apate kitu. Wa pili ajifanya hodari apate heshima. Je, hatuwajui watu hao wawili katika vijiji na miji yetu? Yuko mtu anayejifanya maskini siku ya kutoa mchango, na yuko anayejifanya tajiri siku ya arusi. Waonekana mbali mbali, lakini ni ndugu wa baba mmoja. Wote wawili wamekataa jambo lile lile: kuonekana vile walivyo.

Kumbe mtu anayeleta kadi yake ya 95, akaitia sahihi, akaacha ibandikwe ukutani, huyu amefanya tendo dogo la unyenyekevu. Maana unyenyekevu si kujidharau wala kujitukana. Walimu wakubwa wa roho, kama Mtakatifu Teresa wa Avila, hawakutenga unyenyekevu na kweli. Anayesema «mimi si kitu» huku akingoja asifiwe, huyo si mnyenyekevu. Anayesema «nimetumia mapigo 95», kwa sababu ni 95 kweli, amekaribia zaidi.

Majanini, mbali na macho ya watu

Sasa twarudi kwenye shina tulilolitaja. Mchezaji yuko peke yake majanini. Mpira wake umelala nyuma ya mzizi. Kuusogeza upana wa kidole tu kwatosha. Hapana anayeona. Na yeye ameingia mashindano, yaani ameahidi.

Wako watu wanaosema kwamba mashindano yawafanya watu kuwa waongo, kwa sababu wataka kushinda. Sisi twasema: mashindano hayamfanyi mtu kuwa mwongo, yamwonyesha. Na yanaweza pia kumwonyesha mtu mwaminifu.

Mwaka 1925, katika mashindano makubwa ya Marekani yaliyofanyika Worcester katika jimbo la Massachusetts, alikuwako kijana mmoja jina lake Bobby Jones. Hakucheza kwa mshahara. Alikuwa mchezaji wa kupenda tu, na baadaye alifanya kazi ya mwanasheria. Katika shimo la 11 la mzunguko wa kwanza, alipokuwa akijitayarisha kupiga mpira majanini, mpira ulisogea kidogo sana. Wengine hawakuona. Jones mwenyewe akatoa habari kwa wasimamizi. Hawakupata shahidi yeyote, wakamwachia yeye shauri. Jones akasema mpira ulisogea, akaongezewa pigo moja. Mashindano yalipofika mwisho, yeye na Willie Macfarlane walikuwa sawasawa. Wakapewa mzunguko wa kuamua, wakawa sawasawa tena. Wakarudia mara nyingine, na Jones akashindwa kwa pigo moja. Kama asingejishitaki siku ile, kikombe kingekuwa chake bila kurudia.

Watu walipomsifu kwa uaminifu huo, hakupendezwa. Alijibu kwamba ni kama kumsifu mtu kwa sababu hakuiba fedha za benki. Miaka 5 baadaye, mwaka 1930, alishinda mashindano makubwa manne ya Uingereza na Marekani katika mwaka mmoja, kisha akaacha kushindana, akiwa na miaka 28. Mwaka 1971, siku chache kabla ya kufa, alipokewa katika Kanisa Katoliki. Hatusemi kwamba pigo lile la Worcester ndilo lililomfikisha huko; njia za mioyo azijua Mungu peke yake. Lakini twasema kwamba mtu aliyezoea kusema kweli mahali pasipo shahidi, amekwisha kujizoeza jambo ambalo kila Mkristo apaswa kulijua.

Maulizo ya wasomaji wenye mashaka

Msomaji mmoja aweza kuuliza: Je, si vibaya Mkristo kutaka kumshinda mwenzake? Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorinto, hakuogopa kuwapa mfano wa watu wanaokimbia katika mashindano na kujinyima ili wapate taji la majani litakalonyauka. Hakusema tuwachukie wanaokimbia pamoja nasi. Naye Papa Yohane Paulo II, mwezi wa Oktoba mwaka 2000, alifanya Misa katika uwanja mkubwa wa michezo wa Roma kwa ajili ya jubilei ya wanamichezo. Katika gofu jambo hili ni wazi zaidi: unayeshindana naye ndiye anayeshika kadi yako. Ni mshindani wako na shahidi wako pamoja. Yeye asipokuwapo, kweli yako haiandikwi. Basi umchukie kwa nini? Kumtakia mwenzako apige vibaya, hilo ndilo ovu. Kutaka wewe upige vizuri si ovu.

Mwingine auliza: Na nyumba yake je? Ni ulizo la haki. Mashindano mengi hufanyika siku ya posho na siku ya Mungu. Saa 4 za kucheza, pamoja na kwenda, kurudi na kuzungumza, zala siku nzima. Baba aliyemaliza juma kazini, naye aitumia siku ya Mungu yote uwanjani, Misa ameikosa, mke na watoto hawajamwona: huyo ameshindwa kabla ya pigo la kwanza, hata kama arudi na kikombe. Huko St Andrews katika Uskoti, mahali wachezaji wote wa gofu wapaheshimu, uwanja wa kale hata sasa hufungwa kwa wachezaji siku ya Mungu, isipokuwa siku chache za mashindano makubwa. Watu wa mji wautembea na watoto wao. Uwanja wenyewe wapumzika. Mchezaji naye aweza kujifunza hapo.

Ulizo la tatu ndilo zito kuliko yote. Je, nani aruhusiwa kupimwa? Tumesifu haki ya kadi, lakini mara nyingi haki hiyo ilikaa ndani ya uzio usio wa haki. Chama cha wachezaji wa mshahara cha Marekani kilikuwa na neno katika katiba yake lililowakataza watu weusi kuwa wanachama, na neno hilo lilifutwa mwaka 1961 tu. Klabu mashuhuri ya St Andrews, iliyoanzishwa mwaka 1754, ilipiga kura ya kuwapokea wanawake mwaka 2014. Na katika Afrika ya wakati wa ukoloni, katika klabu nyingi, Mwafrika aliingia uwanjani akichukua mfuko wa fimbo za mwingine. Alihesabu mapigo ya bwana wake vizuri sana, lakini yeye hakuwa na kadi. Hata leo fedha zawafungia wengi mlango ambao rangi haiwafungii tena. Watu wanaopenda kipimo cha kweli wapaswa kukipenda hata mlangoni. Kama sheria ni moja kwa wote ndani, kwa nini isiwe moja kwa wote wanaotaka kuingia?

Kweli na huruma

Tukusanye sasa maneno yetu. Mchezo wa kirafiki wampa mtu huruma bila kweli: mapigo mabaya yasahauliwa, lakini mtu hajijui. Kadi ya mashindano yampa kweli bila huruma: kila pigo limeandikwa, na hapana mtu awezaye kulifuta, hata akilia. Mtu ahitaji vyote viwili. Akikaa katika huruma isiyo na kweli, alegea. Akikaa katika kweli isiyo na huruma, avunjika, kama upinde ule wa Yohane. Ndiyo maana mchezaji mwenye busara hapendi mashindano kila siku, wala mchezo wa kusameheana kila siku.

Na sisi tusiocheza gofu, tujiulize: kadi yetu hushikwa na nani? Mfanyabiashara aliye peke yake na mizani yake, mwalimu aliye peke yake na alama za wanafunzi, mlinzi wa ghala usiku, mtunza sanduku la parokia: wote wako majanini, mbali na macho ya watu. Wengi wetu twajihesabia kirafiki. «Hilo halikuwa uongo, lilikuwa mzaha. Fedha ile si wizi, nitairudisha.» Twasogeza mpira kwa mguu, kisha jioni twajipa 85.

Kanisa, ambalo ni mama, lajua jambo hilo. Kwa sababu hiyo latufundisha kuchunguza dhamiri kila jioni, na kwenda mara kwa mara kwenye Sakramenti ya Kitubio. Huko nako mtu huja kwa hiari yake mwenyewe. Huko nako ajishitaki mambo ambayo hapana aliyeyaona. Huko nako kuna mwingine anayesikia, ili ngozi isivutwe upande mmoja. Lakini tofauti ni kubwa sana. Kadi ya gofu, ikiisha kutiwa sahihi, yabaki ilivyo: 95 ni 95. Katika kitubio kweli yasemwa yote, na ikiisha kusemwa yasamehewa yote. Mchezaji arudi nyumbani akijua alivyo. Mwenye kuungama arudi nyumbani akijua alivyo, na akijua tena kwamba amependwa vile vile.

Basi tusiwacheke wale wanaotoa fedha yao ili washindwe mbele ya watu. Wamefahamu nusu ya jambo kubwa: ni heri kujua kweli inayouma kuliko kukaa katika sifa za bure. Nusu ya pili hawataipata uwanjani, wala sisi hatutaipata katika kazi zetu na michezo yetu. Hiyo yatungoja kanisani, na mlango wake hauna kiingilio.